Porsche 911: Lilinyimwa jezi, likanyimwa kombe, likagoma kustaafu

KILA shabiki wa soka anamjua mchezaji wa aina hii. Anacheza kwa staili ambayo wachambuzi wote wanasema ni ya makosa. Kila msimu anatangazwa kuwa amekwisha, viongozi wanamsajilia mbadala, mashabiki wanamuaga. Halafu ligi ikianza, jina lake ndilo la kwanza kusomwa kwenye kikosi.

Kwenye mbio za magari mchezaji huyo anaitwa Porsche 911. Kuanzia mwaka 1964 mpaka 1998, gari hili la Ujerumani lilibadilishwa karibu kila kitu: ukubwa wa injini, gia, breki, springi, bampa, mpaka urefu wa chesisi. Vitu viwili tu havikuguswa katika miaka yote hiyo. Injini ilibaki nyuma kabisa, imening'inia nyuma ya ekseli ya matairi ya nyuma, na ilipozwa kwa upepo, siyo kwa maji.

Kwa staili hiyohiyo iliyosemwa vibaya, 911 lilibeba Monte Carlo, likabeba saa 24 za Daytona kule Marekani, likabeba na Dakar. Lakini kuna kombe moja liligoma kabisa kuingia kabatini, nalo ni la hapa kwetu: Safari Rally. Mara tatu 911 lilimaliza la pili. Mara tatu lilisimama jukwaani likimwangalia mwingine akipokea zawadi.

JEZI ILIKUWA NA MWENYEWE

Hadithi inaanzia Frankfurt, Septemba 1963, kwenye maonyesho ya magari. Kampuni ya Porsche ya Stuttgart ilileta gari jipya la kurithi 356, modeli iliyoifanya kampuni hiyo ijulikane. Umbo lake lilichorwa na Ferdinand Alexander Porsche, mjukuu wa mwanzilishi. Gari likapewa jina la 901.

Hapo ndipo kizaazaa cha kwanza kilipotokea. Peugeot ya Ufaransa ilikuwa ikiyaita magari yake kwa namba tatu zenye sifuri katikati: 203, 403, 404. Wafaransa wakasema namba hizo ni zao, 901 haikubaliki. Ikawa kama mchezaji aliyetua klabu mpya akakuta jezi aliyoitaka ina mwenyewe. Porsche hawakutaka kesi. Wakaiondoa sifuri, wakaweka moja, gari likawa 911.

Shabiki aikumbuke hiyo Peugeot. Itarudi tena mbele, na safari hiyo haitachukua namba tu.

Gari la kwanza lilikuwa na injini ya lita 2, silinda sita zilizolazwa tatu kushoto na tatu kulia, yenye nguvu ya farasi 130. Spidi yake ilifika kilomita 210 kwa saa, na kwa mwaka 1964 hiyo ilikuwa habari nyingine.

Suala la kupoza kwa upepo siyo geni kwa mtu anayepanda bodaboda kila siku. Ukitazama injini ya pikipiki utaona mapezi ya chuma yamezunguka silinda. Kazi yake ni kuupa upepo nafasi ya kubeba joto. Injini ya 911 ilifuata njia hiyohiyo, isipokuwa ilikuwa na feni kubwa iliyozungushwa na mkanda, pamoja na oili nyingi iliyosaidia kuondoa joto. Halikuwa na rejeta, mabomba ya maji wala maji ya kuchemka njiani.

Mwanzilishi mwenyewe, Ferdinand Porsche, ndiye aliyebuni Volkswagen ndogo ile yenye mgongo wa mviringo, ambayo nayo ilikuwa na injini nyuma inayopozwa kwa upepo. Na Volkswagen hiyo, tofauti na mdogo wake 911, ilijua kushinda hapa kwetu. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda nayo mbio za Safari, zikiitwa bado Coronation Safari. Ikashinda tena 1957, na 1962 ikiwa mikononi mwa Tommy Fjastad. Kwa hiyo 911 lilizaliwa kwenye ukoo unaoyajua matope ya Afrika Mashariki. Deni lilikuwa limeshawekwa mezani.

UGONJWA WA MKIA

Tatizo la 911 lilionekana mapema. Injini nzito ikikaa nyuma ya ekseli, gari linakuwa kama nyundo iliyorushwa: upande mzito unataka kutangulia. Dereva akiingia kona kwa kasi, akaogopa na kuachia mafuta ghafla, mkia unampita. Anajikuta anatazama alikotoka.

Wapo waliosema dawa ni moja tu, injini ihamishwe. Mafundi wa Stuttgart walikataa. Walifanya kama kocha asiyetaka kubadili mfumo bali anawapanga upya wachezaji ndani ya mfumo uleule. Kwenye magari ya mwanzo walificha vipande vya chuma kizito kwenye pembe za bampa la mbele ili pua ikae chini. Ilikuwa tiba ya kienyeji, lakini ilisaidia.

Tiba ya kweli ilikuja kwenye magari ya msimu wa 1969. Matairi ya nyuma yalirudishwa nyuma kwa milimita 57, bila kuigusa injini. Hizo ni kama upana wa vidole vitatu tu. Lakini uzito uligawanyika vizuri zaidi, na betri mbili ndogo zikawekwa mbele, moja kila pembe, badala ya moja kubwa. Gari likatulia. Mkia haukupona kabisa, ila ulianza kusikia amri.

Injini nayo ilikuwa inapanda daraja kila baada ya muda mfupi. Kutoka lita 2 ikaenda 2.2, kisha 2.4. Kila hatua ilileta nguvu, na wakati mwingine ilileta vituko. Kwenye magari ya 1972 waliweka mdomo wa kujazia oili nje, ubavuni upande wa kulia, ukiwa na kifuniko chake. Vijana wa vituo vya mafuta wakaona kifuniko, wakajua ni cha petroli, wakamimina. Petroli ikaingia kwenye oili. Mwaka uliofuata kifuniko hicho kikaondolewa, na oili ikarudi kujaziwa ndani kama zamani.

MONTE CARLO INANYAMAZISHA WATU

Wakati wachambuzi wanalalamikia mkia, madereva wa rally waligundua siri. Kwenye theluji, barafu na vumbi, uzito uliokaa juu ya matairi yanayovuta ni faida. Gari la wenzao likizungusha matairi bure, 911 linashika na kuondoka. Na ule mkia unaotisha barabarani, kwa dereva anayejua kazi, ndio unaolizungusha gari kwenye kona kali.

Mwaka 1968 Mwingereza Vic Elford alishinda Monte Carlo na 911. Mwaka 1969 akashinda kijana wa Kiswidi, Björn Waldegård. Mwaka 1970 Waldegård akarudia. Miaka mitatu, makombe matatu, gari lilelile lililoambiwa injini yake imewekwa mahali pasipofaa.

Mwaka 1972 likaja toleo ambalo mpaka leo wapenzi wa magari wakilitaja wanapunguza sauti, Carrera RS 2.7. Kanuni za mashindano zilidai kampuni iuze magari 500 ya kawaida ndipo iruhusiwe kuingia uwanjani. Porsche wakalipunguza uzito, wakalipa nguvu ya farasi 210, na nyuma wakaliwekea kibawa kidogo kilichobinuka kama mkia wa bata. Kibawa kile hakikuwa urembo. Kilikuwa kinaukandamiza mkia chini gari likiwa spidi kubwa, tena dawa nyingine ya ugonjwa uleule.

Wauzaji waliogopa kwamba hata hayo 500 yangedoda. Yakaisha, na mpaka mwisho yalitengenezwa 1,580. Toleo lake la mashindano likashinda saa 24 za Daytona mwaka 1973, na mwaka huohuo likashinda Targa Florio, mbio za barabara za milimani kule Sicily.

MATOPE YA PASAKA

Sasa tuje nyumbani. Safari Rally ya enzi zile haikuwa mbio za kuzunguka siku tatu na kurudi hotelini. Ilikuwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, tena wikiendi ya Pasaka, wakati masika yanaanza kumwaga. Barabara ya vumbi ya asubuhi ilikuwa mto jioni. Gari lilipigwa mawe, likazama kwenye tope, likapandishwa milima, na likitoka hapo linatakiwa likimbie kilomita 160 kwa saa likikwepa ng'ombe.

Porsche walileta timu ya kiwanda mwaka 1971, magari matatu. Mpoland Sobiesław Zasada alimaliza wa tano. Mwaka 1972 Zasada akarudi na 911 S, na safari hii akakaribia kabisa: nafasi ya pili, nyuma ya Hannu Mikkola wa Finland aliyekuwa na Ford Escort. Hiyo ikawa mara ya kwanza 911 kuonja jukwaa la Safari.

Mwaka 1974 akaja Waldegård, mfalme wa Monte Carlo, na Carrera RS. Mvua ilinyesha kisawasawa. Kwenye mvua ile alikuwepo mtu aliyezaliwa na kukulia Kenya, fundi wa kweli wa matope, Joginder Singh, ambaye mashabiki walimwita Simba wa Kenya. Gari lake lilikuwa Mitsubishi Lancer ndogo ya cc 1600, ambayo ukiiweka barabara ya lami pembeni ya Carrera isingeona hata vumbi lake.

Lakini Safari haikuwa barabara ya lami. Joginder akashinda. Waldegård akawa wa pili. Mara ya pili kwa 911.

Somo lilikuwa wazi, na shabiki wa soka analijua. Timu inaweza kuwa na mastaa wote na ikafungwa ugenini kwenye uwanja wa matope na timu inayoujua uwanja. Safari haikuuliza nani ana spidi kubwa kuliko wote. Iliuliza nani atafika.

BAMPA NENE NA MJANE

Mwaka huohuo wa 1974 magari ya kawaida ya 911 yalibadilika sura kwa mara ya kwanza tangu yazaliwe. Sheria za Marekani zilitaka bampa linalohimili kugonga kitu kwa mwendo wa maili tano kwa saa bila gari kuharibika. Makampuni mengi yaliyapachika magari yao mabampa ya ajabu, yakaonekana kama mtu aliyefungwa plasta mdomoni. Porsche waliyafunika mapengo kwa mpira wenye mikunjo kama wa kodiani, na sura ikabaki ya 911. Sura hiyo ilidumu mpaka 1989.

Mwisho wa 1974 ikazinduliwa 911 Turbo kwenye maonyesho ya Paris. Injini ya lita 3, nguvu ya farasi 260, matairi ya nyuma mapana na kibawa kikubwa kama meza ya kahawa. Turbo za wakati ule zilichelewa kuitika. Dereva anakanyaga mafuta, kimya. Anakanyaga zaidi, kimya. Halafu nguvu yote inafika kwa pamoja, mara nyingi akiwa katikati ya kona. Wazungu wakalibatiza jina la kuogofya: mtengeneza wajane.

Ndani ya bodi yalifanyika mabadiliko ambayo hayakuimbwa na mtu, lakini ndiyo yaliyolipa gari umri. Kuanzia msimu wa 1976 bodi nzima ilikuwa ya mabati yaliyopakwa zinki, hivyo kutu ikakosa pa kushika. Na injini ya lita 2.7, ambayo bloku yake ya magnesiamu ilikuwa ikilegeza bolti kwa joto, ikaachwa. Msimu wa 1978 likaja 911 SC, lita 3, bloku ya aluminiamu. Lilikuwa gari la kazi. Mafundi wengi wanalihesabu kuwa moja ya 911 ngumu kuliko zote.

Na ndilo lililoletwa Nairobi.

1978: PEUGEOT TENA

Mwaka 1978 Porsche waliandaa 911 SC mbili maalumu kwa ajili ya Safari. Zilinyanyuliwa juu, zikafungwa vyuma vya kinga chini na mbele, zikapakwa rangi za wadhamini wao, Martini. Moja akapewa Waldegård, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshinda Safari kwa mara ya kwanza, lakini akiwa na Ford. Nyingine akapewa Mkenya, Vic Preston Mdogo.

Jina hilo siyo bahati mbaya. Ni mtoto wa yule Vic Preston aliyeshinda mwaka 1954 na Volkswagen ya injini ya nyuma, ya kupozwa kwa upepo. Miaka 24 baadaye mtoto alikuwa anaingia njia zilezile na gari la ukoo uleule. Kama kuna siku ambayo kila kitu kilipangwa kwa ajili ya 911, ni hiyo.

Kwenye orodha ya washindani alikuwepo Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Mwezi Januari mwaka huohuo alikuwa ameshinda Monte Carlo. Na gari gani? Porsche 911, la timu binafsi. Machi alitua Kenya akiwa amevaa jezi nyingine: Peugeot 504 Coupé V6.

Nicolas akashinda. Preston Mdogo akawa wa pili. Waldegård akawa wa nne.

Peugeot, waliolinyima 911 namba ya jezi mwaka 1964, wakalinyima na kombe. Tena kwa mikono ya mtu ambaye miezi miwili tu nyuma alikuwa amelipa 911 kombe la Monte Carlo. Hata mwandishi wa tamthilia asingethubutu.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu ya nafasi ya pili, na baada ya hapo Porsche hawakuleta tena 911 la kiwanda kuliwinda kombe hilo. Mambo makubwa zaidi yalikuwa yanapikwa Stuttgart.

KALAMU UKUTANI

Bosi wa Porsche wakati huo, Ernst Fuhrmann, alikuwa ameshakata shauri kwamba zama za 911 zimeisha. Mrithi alikuwa tayari. Porsche 928, injini mbele, silinda nane, inapozwa kwa maji, tulivu, kubwa. Mwaka 1978 lilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Kwa lugha ya soka, usajili mpya ulishatangazwa na mzee akaambiwa mkataba hauongezwi.

Tatizo ni kwamba mashabiki waliendelea kumwimba mzee.

Fuhrmann aliondoka, na mwaka 1981 akaja Peter Schutz, Mmarekani aliyezaliwa Berlin. Wiki chache tu baada ya kuanza kazi aliingia ofisini kwa mkuu wa uhandisi, Helmuth Bott. Ukutani kulikuwa na chati ya mipango ya magari. Mstari wa 928 uliendelea miaka mingi mbele. Mstari wa 944 vilevile. Mstari wa 911 ulikomea mwisho wa 1981. Schutz alichukua kalamu, akauendeleza mstari wa 911 mpaka mwisho wa karatasi, akavuka karatasi, akaendelea kuchora ukutani. Kisha akamuuliza Bott kama wameelewana. Walielewana.

Mradi uliokufa ukafufuka kwa wino. Likaja 911 la kufunuka juu. Msimu wa 1984 ikaja Carrera 3.2 yenye nguvu ya farasi 231, na ule ugonjwa wa siku nyingi wa vikaza-cheni ndani ya injini, uliowafilisi wengi gereji, ukapatiwa dawa kwa vikaza vinavyosukumwa na oili. Na mwanzoni mwa 1984 Mfaransa René Metge akashinda Dakar na 911 lililofungwa mfumo wa kuvuta kwa matairi yote manne. Maelfu ya kilomita za mchanga wa Sahara, bila tone la maji kwenye injini.

Gari lililoandikiwa kufa 1981 lilikuwa linapokea kombe la Afrika mwaka 1984. Halikuwa kombe la Safari, lakini ujumbe ulifika.

MWISHO WA UPEPO

Mwaka 1989 likaja 911 ambalo ndani ya kampuni liliitwa 964. Kwa macho ya mtu wa mbali lilikuwa lilelile. Kampuni ilisema asilimia 85 ya vifaa vyake ni vipya. Springi za kawaida za mzunguko zilichukua nafasi ya vyuma vya kujinyonga vilivyokuwepo tangu 1964. Breki za ABS zikaingia, usukani ukawa mwepesi, na kibawa cha nyuma kikawa kinajifungua chenyewe gari likifika kilomita 80 kwa saa. Toleo la kwanza, Carrera 4, lilivuta kwa matairi yote manne. Somo la jangwani lilikuwa limeshuka barabarani.

Mwisho wa 1993 likafuata 993, injini ya lita 3.6, nguvu ya farasi 272, gia sita. Hapa ndipo ule ugonjwa wa mkia ulipotibiwa kwa uzito kamili, kwa kuipa nyuma ya gari mfumo mpya kabisa wa vyuma vya kushikilia matairi. Miaka 30 ya lawama, na injini bado iko palepale. Toleo la Turbo la 1995 lilikuwa na turbo mbili na nguvu ya farasi 408. Na halikutengeneza wajane tena.

Lakini upepo nao ulikuwa umefika mwisho wake. Sheria za moshi na kelele zilizidi kubana. Ili injini iwe na nguvu na iwe safi zaidi, ilihitaji valvu nne kwa kila silinda, na joto la sehemu hiyo ya juu upepo peke yake ulikuwa hauliwezi. Mwaka 1997 ikazinduliwa 911 mpya ya maji. Machi 1998 la mwisho la kupozwa kwa upepo likatoka kiwandani. Safari hii hapakuwa na kalamu ya kurefusha mstari.

DENI LINALIPWA

Kwa kawaida hapa ndipo mchezaji anatundika daluga. 911 la upepo halikutundika.

Mwaka 2003, miaka 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya Safari Classic, mahususi kwa magari ya zamani, kwenye njia za vumbi za Afrika Mashariki. Na madereva wa zamani wakaanza kurudi. Miongoni mwao alikuwa Björn Waldegård.

Katikati hapo mzee huyu hakulala. Mwaka 1979 alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rally. Safari Rally alishaishinda mara nne: 1977 na Ford, 1984, 1986 na 1990 na Toyota. Kwake kombe la Safari halikuwa geni. Kilichokosekana ni kulichukua akiwa na 911, gari lililompa jina ujanani na ambalo alishindwa nalo hapa 1974 na 1978.

Novemba 2011, akiwa na miaka 68, Waldegård aliingia Safari Classic na Porsche 911. Msoma ramani wake alikuwa mwanawe, Mathias. Siku tisa za vumbi, mawe na joto. Vijana waliovunja magari walikuwepo. Mzee hakuvunja. Akashinda.

Si Safari Rally ile ya ubingwa wa dunia, na takwimu za 1972, 1974 na 1978 hazitabadilika. Kwenye vitabu 911 litabaki gari lililomaliza la pili mara tatu. Lakini dereva yuleyule, kwenye ardhi ileile, na gari la umbo lilelile, injini ikiwa palepale walipokataza, alifika wa kwanza. Waldegård alifariki Agosti 2014 deni hilo likiwa limeshalipwa. Mwaka 2015 Mswidi mwenzake, Stig Blomqvist, alishinda Safari Classic tena na 911.

Na Zasada, yule Mpoland wa nafasi ya pili mwaka 1972? Safari Rally iliporudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia Juni 2021, naye alirudi Kenya, akavaa helmeti, akashindana. Alikuwa na miaka 91. Inaelekea kuna kitu kwenye gari lile kiliwafundisha watu wake kutokusoma chati za ukutani.